Ukishaziona filamu za Dune, kitabu bado ukisome

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyeziona filamu zote mbili za Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, ana haja tena ya kuhangaika na kitabu cha Frank Herbert. Anayo. Na nasema hivyo mimi niliyezipenda khasa filamu zile. Ya pili nilipanda boti kuifuata Dar, siku chache kabla ya Ramadhani, kwa sababu sikutaka kuionea kwenye kompyuta.

Kitabu nilikipata kwa ami, ndani ya sanduku alilorudi nalo kutoka Maskati. Nilikuwa skuli bado. Nyumbani kwetu Ng'ambo, hapa Unguja, mfereji ulikuwa ukitoa maji usiku wa manane tu, na mimi ndiye niliyeamshwa kujaza madumu. Nilikuwa nasoma huku nasikiliza. Mlio wa dumu hubadilika maji yakikaribia shingoni, hapo unaweka kitabu chini na kukinga jengine.

Usiku mmoja kama huo niliifikia karamu ya Arrakeen, mji mkuu wa sayari ya Arrakis. Katika sayari ile ya jangwa, ambako watu hupima uhai kwa maji, mabwana walikuwa na desturi yao: mgeni anachovya mikono katika bakuli, anamwaga vikombe kadhaa sakafuni, anajifuta kwa taulo kisha anaitupa kwenye dimbwi mlangoni. Baada ya chakula, masikini nje wanapewa maji yaliyokamuliwa kutoka taulo zile. Mtawala mpya, Leto, anaifuta desturi hiyo na kuamuru kila masikini apewe kikombe cha maji. Akimtazama mtumishi wa nyumba usoni anatambua kwamba mama yule alikusudia kuyauza yale maji ya taulo. Nilikaa kimya pale. Kwetu mgeni huletewa birika na bakuli anawe, na maji yale ni heshima yake. Sikuwahi kufikiri kwamba kunawa kunaweza kugeuzwa kuwa dharau.

Filamu haina karamu hiyo, na hilo bado linaniuma. Ipo mitende ishirini ambayo kila mmoja hunywa maji ya watu watano kwa siku. Yupo Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anayetema mate mezani kama zawadi ya maji ya mwili wake. Hayo wameyafanya vizuri mno. Lakini wale waliokuwa wakimwaga hatuwaoni, na bila ya wao hasira ya watu wa jangwani inapungua uzito.

La pili ni maneno. Herbert alichota sana kwenye Kiarabu, kwa hiyo sisi tunakisoma kitabu chake kwa sikio jengine. Paul, mwana wa Leto, anaitwa Lisan al-Gaib, na mtoto yeyote aliyepita chuoni anajua kusoma kwa ghaibu ni nini. Anaitwa Mahdi pia. Filamu imeyabakisha hayo yote, ila kile ambacho Paul anakiogopa tangu mwanzo, kitabuni kinaitwa jihadi waziwazi, wao wamekiita vita vitakatifu. Naelewa kwa nini waliliogopa neno. Hata hivyo wamechukua mavazi, dua na mchanga wa Wadi Rum, jangwa la Jordan, kisha wakaliacha neno moja ambalo hadithi nzima inaliendea. Mtu wa hapa analisikia pengo lile.

Sasa niseme walipokishinda kitabu. Paul anapompanda nyungunyungu mkubwa wa mchangani kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeisoma sehemu ile mara tatu bila kupata sura yake. Kwenye sinema kilima cha mchanga kiliporomoka chini ya miguu yake, na mngurumo nikausikia kifuani. Na Chani, mpenzi wake Paul! Kitabuni, Paul anapoamua kumuoa binti wa mfalme mkuu, Chani anabaki, na Jessica, mama yake Paul, anamliwaza kwamba historia itawaita wake wa ndoa. Katika filamu anakataa, anageuka na kwenda zake jangwani. Herbert alitaka kututahadharisha na viongozi wanaoabudiwa, na mimi naona tahadhari hiyo imetulia zaidi katika uso wa yule msichana kuliko kwenye sura za mwisho za kitabu.

Kwa hiyo kisome. Kurasa za mwanzo ni nzito, majina yanakuja mengi kwa pamoja. Nyuma kabisa kuna faharasa ya maneno. Anza na hiyo, maana mengi utakuta unayajua tayari.