Mnaoanza kusoma DNA inayoharibika: anzeni na XP na Cockayne, majina ya jeni yatakuja yenyewe

Kila wanafunzi wapya wa masta wakija naona daftari limejaa majina ya jeni, ATM, ATR, BRCA1, BRCA2, MLH1, XPA mpaka XPG, wameyakariri yote, alafu ukiwauliza kitu kimoja tu, kwa nini DNA ikiharibika huyu anapata kansa na yule anazeeka kabla ya wakati, kimya. Mi nawashauri majina muyaweke pembeni kwanza. Shikeni hilo swali.

Jueni pia kwamba DNA haisubiri sigara wala mionzi ndo iharibike, inaharibika yenyewe kwa maji tu yaliyomo ndani ya seli. Tomas Lindahl alipiga hesabu miaka ya 70 akakuta kila seli inadondosha herufi zipatazo 10,000 kwa siku, hasa A na G, na wakati huo wengi walikuwa wanaamini DNA ni kitu imara kweli kweli. Akasema basi lazima kuna kitu kinakarabati muda wote, kwenda kutafuta kweli vipo, na 2015 akapata Nobel ya kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Kwa hiyo kuharibika ni kawaida, shida inaanza ukarabati ukizidiwa au ukiwa na hitilafu.

Sasa njooni kwenye magonjwa mawili na hapa msiwe na haraka. La kwanza xeroderma pigmentosum, tunaita XP tu. Mtoto anaungua na jua kirahisi, anatoka madoa, na kansa ya ngozi mara nyingi inaanza hata miaka 10 hajafika. James Cleaver alionyesha 1968 kwamba seli za hawa watu zinashindwa kukarabati madhara ya UV, yaani mionzi ya jua inayounguza ngozi. La pili ni ugonjwa wa Cockayne, na mgonjwa wake naye jua linamchoma, na hitilafu yake iko kwenye ukarabati wa aina ile ile, ule wa kukata kipande kilichoharibika na kujaza kipya, lakini kansa ya ngozi hapati! Anachopata ni kudumaa, kukonda, macho kuzama ndani, masikio kufifia, ubongo kuchoka, yaani mtoto anaonekana mzee, na wengi hawafiki utu uzima.

Inakuwaje? Ukarabati huu una vikosi viwili. Kimoja kinazunguka DNA nzima kinatafuta palipopinda, mbele yuko protini iitwayo XPC. Kingine hakizunguki, kinasubiri mashine inayosoma jeni ikwame, kama pale mlima Kitonga ambapo lori likikwama ndo kila mtu anajua kuna shida barabarani, na hapo ndo protini za CSA na CSB wanaitwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: kikosi cha kwanza kikifa, jeni zinazosomwa zinaendelea kutengenezwa kwa hiyo seli inaishi vizuri tu, ila sehemu nyingine zote makosa yanabaki, seli ikigawanyika yanageuka mutesheni, yaani mabadiliko ya kudumu ya herufi za DNA, siku moja kansa. Kikosi cha pili kikifa, mashine imekwama, seli haiwezi kazi, inakufa au inagoma kugawanyika, na seli iliyokufa haiwezi kuwa uvimbe, lakini tishu inabaki na wafanyakazi wachache kila mwaka. Huko ndo kuzeeka. (Mkikutana na XPA msichanganyikiwe, huyo anahitajika na vikosi vyote viwili, ndo maana wagonjwa wake wengi wana kansa na matatizo ya neva pia.)

Na tafadhali msichanganye XP na ualbino. Watu wenye ualbino hapa Tanzania wanapata sana kansa ya ngozi lakini ukarabati wao wa DNA uko sawa kabisa, kinachokosekana ni melanini, rangi ya ngozi ya kuzuia jua kabla halijafika kwenye DNA, ndo maana losheni ya jua kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi inasaidia.

Ukishaelewa hapo protini ya p53 haikusumbui tena, maana yenyewe ndo inaamua seli iliyoumia isimame, ife au iendelee, na karibu nusu ya kansa zote za binadamu zimeivuruga. Someni pepa mbili za 2002 kwa pamoja. Kikundi cha Lawrence Donehower kilipata panya ambao p53 yao imewashwa kupita kiasi, kansa ikapungua sana lakini wakazeeka mapema, mifupa ikalegea, wakafa mapema. Mwaka huo huo kikundi cha Manuel Serrano kikawapa panya kopi ya ziada ya p53 ikiwa na swichi zake za kawaida, kansa ikapungua na uzee ukaja wakati wake. Ukisoma ya kwanza peke yake utatangaza kila mahali kwamba kujikinga na kansa lazima ulipe kwa uzee, na sio lazima hivo.

Maabara sasa. HeLa, zile seli za maabara zilizotoka kwenye kansa ya mlango wa kizazi, usizitumie kuuliza maswali ya p53, zina kirusi cha HPV18 na protini yake ya E6 inaibomoa p53 kila ikitengenezwa, alafu kromosomu zenyewe ni 70 na kitu badala ya 46, so ukiambiwa ni seli za binadamu wa kawaida kataa. Taa ya UV ya maabara mara nyingi ni 254 nm, mionzi ambayo jua halitufikishii maana ozoni inaizuia, kwa hiyo usiandike umeiga jua la Dodoma. Jaribio la kometi, lile la kuvuta DNA ya seli kwa umeme mpaka vipande vitoke kama mkia, nalo linaona nyuzi zilizokatika, wakati UV kazi yake kubwa ni kugandisha herufi jirani, ukikuta mkia mfupi usishangilie kwamba seli ziko salama, weka kwanza enzaimu ya kukata hapo zilipogandana. Na anayekuza seli za panya maabara aangalie oksijeni, kikundi cha Judith Campisi kilionyesha 2003 kwamba kwenye oksijeni ya 20% zinaumia DNA na kugoma kugawanyika, kwenye 3% zinaendelea kugawanyika, sasa pepa ngapi zinaongelea uzee wa seli za panya na hazijataja oksijeni popote! Andika namba ya oksijeni ya inkubeta yako kwenye notibuku kila siku, hata kama supavaiza hajauliza.