Faili kubwa linakatika njiani kwenda kwa seva? Jaribu rsync

Pole sana ndugu yangu, umesema video yako ya GB 12 inafika nusu kisha laini inakata na programu inaanza tena kutoka sifuri. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo, napiga video za harusi na za Maulidi hapa Lamu na kuzihifadhi kwenye seva iliyoko Ujerumani, kwa hivyo hilo nalijua vizuri.

Kwanza piga hesabu ndio usijilaumu bure. Kasi ya laini huandikwa kwa megabiti na faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane, sasa ukipima kasi ya kupandisha (sio ya kushusha, hiyo huwa kubwa zaidi) ukapata megabiti 5 kwa sekunde basi ni kama kilobaiti 600 tu, na GB 12 itakula zaidi ya saa tano. Saa tano bila stima kupotea wala laini kuyumba huku mtaani kwetu Langoni ni ngumu, kwa hivyo usitafute njia ya kuzuia kukatika, tafuta programu inayojua kuendelea pale ilipoachia.

Mimi natumia rsync, programu ya kunakili mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, iko tangu 1996 na ni ya bure. Amri yenyewe unayoiandika kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) ni hii, jina na seva ubadilishe uweke vya kwako:

rsync -avP harusi/ jina@seva:/home/jina/harusi/

Hiyo P kubwa ndio roho ya mambo, inaacha kipande kilichokwisha kufika kikae kule kwa seva na inakuonyesha asilimia. Laini ikikata unarudia amri ileile, inalinganisha kilichoko huku na kilichoko kule halafu inatuma kilichobaki, mafaili yaliyokamilika inayaruka. Angalia sana ule mkwaju (alama ya /) baada ya neno la kwanza harusi, ukiuweka vinakwenda vilivyomo ndani ya folda, ukiutoa inakwenda folda yenyewe na utakuta harusi ndani ya harusi. Ongeza n (-avPn) ikuonyeshe itakachofanya bila kutuma chochote, na hasa ukitaka kutumia --delete tafadhali anza na hiyo n, kwa sababu --delete inafuta kule kila kisichokuwepo huku.

Kama nyumbani kuna wengine wanatumia hiyo laini weka --bwlimit=300, itabaki kwenye kilobaiti 300 hivi na watu wataweza kupiga simu za WhatsApp bila kugombana nawe. Mimi huacha usiku kucha.

Ukiwa na Windows rsync haiji nayo, utaipata ukiweka WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows), lakini kama hutaki kuandika amri programu ya WinSCP inatosha kabisa, nayo inaendelea ilipoachia. Chagua SFTP (njia ya kutuma mafaili kwa usiri), mlango (port) 22, uachane na ile FTP ya kawaida kwa sababu inapeleka neno la siri wazi bila kulificha, na hizi waifai za mikahawani huko ufukweni mwa mji si za kuamini hata kidogo.

Usihangaike kuzibana kwa zip video au picha za JPEG, zishabanwa tayari, hutaokoa kitu. Na usifute kwenye memori kadi mpaka upige sha256sum (amri inayotoa namba ya utambulisho ya faili) pande zote mbili na namba zifanane, harusi ya watu hairudiwi.

Ikikataa bandika hapa ile mistari ya mwisho ya kosa, ila futa jina la seva yako kwanza.