Muulize Mzee wa Kanda: Wimbo wa Belle ulikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kanda. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa na kanda ya VHS ya The Muppet Christmas Carol, ile ya vikaragosi na bahili Scrooge. Namkumbuka kabisa mchumba wake, Belle, akimwimbia wimbo wa huzuni kabla ya kumwacha. Juzi nimewawekea wanangu DVD: Belle anasema maneno mawili matatu, anaondoka, ghafla yule panya Rizzo analia kwa kwikwi. Analilia nini? Mume wangu anasema wimbo huo nimeuota. – Mama Neema, Dodoma

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Hujaota, na Baba Neema anadaiwa soda. Wimbo upo, unaitwa "When Love Is Gone", ameutunga Paul Williams kama nyimbo nyingine za filamu hiyo. Ilipokaribia kutoka, Desemba 1992, mkuu wa studio za Disney, Jeffrey Katzenberg, aliona watoto watachoka hapo, ukakatwa. Sinema zikaonyesha bila wimbo. Mwongozaji, Brian Henson, hakuridhika, akafanikiwa kuurudisha kwenye kanda za nyumbani. Ndiyo aliyokuwa nayo baba yako.

Brian alikuwa kijana, na hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kuongoza. Baba yake, Jim, aliyewaanzisha vikaragosi hao, alikuwa amefariki Mei 1990, na chura Kermit akapata mkono na sauti mpya, Steve Whitmire. Walipiga picha Shepperton, Uingereza. Mbao za sakafu ziling'olewa ili wachezeshaji wasimame chini wameinua mikono, naye Michael Caine, aliyecheza Scrooge, akapita juu ya vibao vyembamba katikati ya mashimo. Mtazame usoni: hakuna hata mara moja anapomwangalia chura kama kitambaa. Mimi nampendea hapo tu.

Kwenye sinema haikutikisa. Marekani iliingiza kama dola milioni 27, ikigombea watoto na Aladdin na Home Alone 2. Kanda na televisheni ndizo zilizoikuza. Kwenye kibanda changu cha kukodisha, Morogoro, ikifika Desemba ilikuwa hairudi kwa wakati.

Baadaye, ilipotengenezwa upya kwa skrini pana, picha asilia za wimbo hazikuonekana zilipowekwa, ndiyo maana DVD yako imeuruka. Zilipatikana, na tangu Desemba 2022 toleo kamili lipo Disney+, huduma ya filamu mtandaoni, kwenye sehemu ya ziada.

Katzenberg hakukosea kabisa. Mjukuu wangu, Belle alipoanza tu, alikwenda kutafuta maandazi. Lakini sikiliza wimbo wa mwisho, wote wakiwa mezani: ni mahadhi yaleyale ya wimbo wa Belle, yamegeuzwa kuwa furaha. Ukikata wa kwanza, huu wa mwisho unaingia kama mgeni asiyepiga hodi. Na unapoteza pale Scrooge mzee anapoimba pamoja na Belle, sauti ikamkatika.

Kanda ya baba kama bado ipo, usiitie kwenye deki haraka. Ipeleke dirishani, fungua kile kifuniko cha mbele, tazama utepe. Ukiona ukungu mweupe, iache, utaharibu kanda na deki.