Mbona tiketi inasema masaa 8?

Ndugu, kugawa kilomita 5,540 za London hadi New York kwa mwendo wa 900 kwa saa ukapata masaa 6 si kosa. Ila huo ni umbali wa njia fupi kuliko zote, na ndege huzunguka kidogo. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka getini, foleni ya kuruka ikiwemo. Kwenda magharibi, upepo mkali wa juu unaikabili ndege. Kurudi unaisukuma, ndiyo maana ni kama masaa 7. Saa za kuondoka na kufika zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili tofauti, tafadhali usibane muda: ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri. Muulize wakala kabla hujalipa.