Vumbi la Tsavo kwenye garimoshi la mfano

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Garratt yako ya daraja la 59, mfano wa ile injini kubwa ya mvuke ya Reli ya Afrika Mashariki, bado inafanana na mwanasesere hata baada ya kuipaka rangi ya damu ya mzee. Ni safi mno! Injini zile zilipita Tsavo, na vumbi jekundu huganda chini: kwenye magurudumu, ngazi na ubavu wa matangi. Saga chaki nyekundu na ya kahawia, chovya brashi kavu, ikung'ute mpaka ibaki na unga kidogo tu, kisha papasa kutoka chini kwenda juu. Karibu na bomba la moshi weka masizi. Malizia kwa vanishi isiyong'aa. Itafifisha chaki, kwa hiyo zidisha kidogo mapema. Reli zipake kutu ubavuni, ila uso wa juu uache uking'ara, maana magurudumu huusugua kila siku.