Kati ya Holili na Taveta

Mwanangu,

Umeniuliza ni ipi iliyowatendea watu wake vyema zaidi enzi zile, Kenya ya Kenyatta na Moi au Tanzania ya Mwalimu, maana wenzako huko Nairobi wanakwambia ujamaa ulitufilisi. Nitakujibu, lakini kwanza habari ya sabuni.

Unajua mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Mama mdogo ameolewa Taveta, upande wa Kenya, sisi tuko Holili, upande wa Tanzania, na katikati pale hata mbuzi akikata kamba anafika. Mwaka 1981 mama yako mkubwa alikuwa anaolewa, na duka la kijiji lilikuwa na miezi halina sabuni. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Bibi yako akasema mwanawe hatoki na nguo zenye madoa. Nikatumwa, nina miaka 13, nikafuatana na akina mama wa jirani kwa njia za panya.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kenya ni nchi ya manyang'au. Hao manyang'au maduka yao yalikuwa yamejaa mpaka darini! Nilisimama pale naangalia tu. Mjomba wako, mtoto wa mama mdogo, wakati huo kijana mwenye maneno, akaniuliza kuhusu tamko letu la ujamaa, "Azimio la Arusha mnalila na mboga gani?" Hadi leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Wakati wa kurudi tulikamatwa. Miche yote mitatu ya sabuni ikachukuliwa, nami nikaitwa mlanguzi. Ila doti ya kanga nilikuwa nimejifunga chini ya gauni. Ikafika. Ungeuona uso wa bibi yako!

Sasa hapo niseme Kenya ilikuwa bora? Ukitaka kuijua nchi, tazama mtoto wa kibarua anaishia wapi. Nimekwambia hilo tangu ukiwa mdogo. Kenya nao mwaka 1965 waliandika waraka wakauita ujamaa wa Kiafrika, lakini mashamba makubwa yalibaki ya wachache. Baba mdogo, mume wa mama mdogo, alikata mkonge kwenye shamba ambalo huwezi kulimaliza kwa mguu siku nzima, hana hata robo eka yake. Mjomba wako alinishinda hisabati mbali sana. Shule za harambee, zile za michango ya wananchi, zilikuwapo, fedha ya karo haikuwapo. Akaishia utingo wa lori.

Mimi nilichaguliwa sekondari mwaka 1983. Chakula, kitanda, hata waranti ya basi, vyote vya serikali. Mtoto wa mkulima wa ndizi! Lakini nisikudanganye: darasa zima tulichaguliwa wawili. Wengine walirudi shambani, na wamo waliokuwa na akili kuliko mimi.

Halafu utingo yule akanunua lori, akanunua la pili, na nusu ya karo yako ya chuo ilitoka humo. Mshahara wangu wa ualimu haukutosha, unajua. Kwa hiyo mtoto wa kibarua aliishia wapi? Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoanza kukujibu. Ningekuwa na lazima ya kuchagua ningesema... hapana, tuiache.

Kanga ile ninayo, ndani ya sanduku la bibi yako. Ukija Krismasi nitaitoa. Mwambie mjomba wako aje pia, ana swali langu la kujibu kuhusu mboga.

Mama yako