Mwenzako Si Begi la Mkononi: Kwa Mnaokwenda Ujerumani na Familia

Kila mwaka barua za ufadhili wa masomo zikishatoka, ofisi yangu hugeuka kituo cha ushauri. Vijana wa idara huja mmoja mmoja, kila mtu na orodha yake kwenye simu. Juma lililopita mmoja alinisomea yake. Jaketi za watoto zimo. Sufuria ya ugali na mwiko vimo. Adapta za stima zimo, tena za aina mbili. Nikamuuliza mkewe, ambaye ni muuguzi wa kaunti, atakuwa akifanya nini kule kwa miaka mitatu. Akacheka. "Huyo hana shida, Daktari. Si Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa wafanyakazi? Wajerumani wanalilia wauguzi."

Nilimpa chai ili nisimpe maneno. Maneno ndiyo haya, na ni yenu nyote mnaosafiri na familia.

Sitawaeleza tofauti ya viza C, ya matembezi mafupi, na viza D, ya kukaa muda mrefu, mnaijua. Ila kama bado kuna anayedhani atamleta mkewe kwa viza ya matembezi kisha "wazungushe" siku, aache. Ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na tangu Oktoba 2025 mfumo wa EES, ule wa Ulaya wa kusajili wanaoingia na kutoka, unachukua picha na alama za vidole mpakani na kuhesabu siku wenyewe. Zamani uliweza kubishana juu ya muhuri uliofifia. Sasa hakuna muhuri.

1. Karatasi

Kila mtu wa familia awe na faili lake, hata yule wa miezi sita. Vyeti vya kuzaliwa viwe vyeti kamili, si kile kijikaratasi cha hospitali. Kama ndoa yenu ni ya kimila, isajilini. Sheria ya ndoa ya 2014 inataka hivyo, na Sheria House, kwa msajili wa ndoa, wanajua kazi hiyo. Picha za ruracio, sherehe ya mahari, hata zikiwa na mbuzi wote wamejipanga, si cheti cha ndoa. Kama ni njoo-tukae, wahini ofisini kabla ya kuomba miadi ubalozini.

Halafu majina. Sisi humwita mtoto kwa jina la babu au la shosho, kwa hiyo watu wanne wa nyumba moja hushuka uwanja wa ndege na majina manne ya mwisho. Ofisa wa Kijerumani atawatazama kana kwamba mmekutana kwenye ndege. Vyeti vya kuzaliwa vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililoko tumboni mwa ndege. Na herufi zilingane. Kama cheti kinasema hivi na pasipoti inasema vile, nenda kwa wakili ukaape mapema, maana karani wa viza hatakusaidia kukisia. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe idhini ya mwenzake iliyotiwa saini mbele ya wakili.

2. Mwenzako

Hapa nitakaa kidogo. Mama watoto ameisoma sehemu hii kabla yenu, na akaniongezea makosa mawili niliyokuwa nimeyasahau kwa makusudi.

Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamivu Leipzig, yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya kina mama katika hospitali ya umma. Kazi ya kudumu, yenye pensheni, ile ambayo watu huombewa kanisani waipate. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba Ujerumani ina uhaba wa wauguzi. Ni kweli, inao. Kutoka hapo nikaruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba mke wangu atavaa sare ndani ya miezi michache. Aliniuliza mara nyingi, jikoni, kwenye matatu, hata siku ya kufunga masanduku: "Vyeti vyangu vitakubalika kule?" Jibu langu lilikuwa lile lile: "Tutaona tukifika."

Akaandika barua ya kuacha kazi. Wenzake wakamkatia keki. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikufikiri kuuliza, kwamba angeweza kuomba likizo bila malipo. Wangeweza kumnyima, sawa. Lakini mtu hunyimwa akishaomba.

Tulipofika ndipo nikafanya utafiti ambao ningeufanya Nairobi nikiwa na miguu yangu karibu na ofisi zote husika. Uuguzi kule ni taaluma iliyofungwa kwa sheria. Mwenza wa mwenye kibali cha ukaazi anaruhusiwa kufanya kazi, ndiyo, lakini kuitwa muuguzi ni jambo lingine. Lazima mafunzo yako yatambuliwe na mamlaka ya jimbo. Wanataka transkripti zenye saa za kila somo na za kila zamu ya mazoezi, uthibitisho wa baraza la wauguzi la nyumbani, tafsiri ya kila ukurasa kutoka kwa mtafsiri aliyeapishwa, na Kijerumani, kwa kawaida cha kiwango cha B2, yaani cha kujieleza bila kukwama. Mke wangu alikuwa na A1 ya mtihani, ile ya kusema jina lako na kuagiza kahawa. Transkripti zake zilikuwa kwenye katoni kwa dada yake mtaa wa Umoja, Nairobi, chini ya vitabu vya watoto.

Shemeji yangu akawa tarishi. Ofisi hii inamtuma ile, ile inataka mwenye cheti aje mwenyewe, mwenye cheti yuko Leipzig amebeba mtoto kwenye ghorofa isiyo na lifti. Nami nilikuwa wapi? Maabara. Desemba kule jua huchelewa hadi baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni giza limeingia. Nilitoka gizani, nikarudi gizani, nikiwa na habari za majaribio yangu. Yeye alikuwa na habari za mashine ya kufulia. Simu za nyumbani zilikuja kila Jumapili na swali moja: "Umeshapata kazi?" Kwa ndugu zetu tulikuwa watu wa mishahara miwili. Tulikuwa watu wa posho moja, tena posho iliyokadiriwa kwa kijana anayekula tambi.

Hatimaye alipata kazi ya usaidizi katika nyumba ya wazee. Kuosha, kulisha, kutandika. Msimamizi wake, binti mdogo mwenye roho safi, alimuuliza taratibu kama ameshawahi kuona kipimo cha shinikizo la damu. Huyu ni mwanamke aliyezalisha akina mama usiku stima zikiwa zimepotea, mwenzake akishika tochi. Alijibu "ndiyo" tu, kwa sababu Kijerumani chake hakikutosha kueleza mengine. Siku hiyo aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Wewe ulikuja na barua. Mimi nilikuja na wewe." Kisha akaenda kulaza watoto.

Uamuzi wa vyeti vyake ulikuja ufadhili wangu ukielekea ukingoni. Haukuwa "hapana". Ulisema mafunzo yana mapengo fulani ambayo angeyaziba kwa kozi na mazoezi ya ziada. Kama tungeanza mwaka mmoja mapema, kutoka Nairobi, angeimaliza kozi hiyo. Tulirudi. Nafasi yake ya zamani ilikuwa na mwenyewe. Sasa yuko kliniki ya binafsi kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Mimi ndiye niliyerudi na cheo.

Sasa mkataba wenu. Ndiyo, Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024. Yanasaidia kufungua njia. Hayafuti utambuzi wa vyeti, wala hayamfundishi mtu Kijerumani usingizini. Kwa hiyo: aombe likizo bila malipo kwa maandishi kabla hajafikiria kujiuzulu. Akusanye transkripti na uthibitisho akiwa hapa. Maombi ya kutambuliwa yanaweza kutumwa kutoka hapa hapa. Na hata kama aina ya kibali chako inamsamehe mtihani wa A1, mpeleke darasani. Goethe-Institut iko pale katikati ya jiji, na muda wa kuanza ni leo, si siku viza itakapotoka. Kina dada mnaokwenda na waume, msidhani mmepona. Mwanamume mwenye duka la hadwea Kariobangi akikaa miezi mitatu bila mtu wa kumsalimu "bosi", mtajua hamjui.

3. Watoto

Hakuna dada wa kazi. Liandikeni kwa herufi kubwa. Hakuna pia shosho wa kumwachia mtoto Jumamosi. Mtoto ana haki kisheria ya kupata nafasi ya Kita, yaani chekechea, akitimiza mwaka mmoja, lakini haki na nafasi havikai nyumba moja, kwa hiyo andikieni Kita nyingi mapema. Shule za msingi nyingine huachilia watoto mchana, na usipoomba nafasi ya uangalizi wa alasiri, mmoja wenu atakuwa akikimbia kutoka maktaba kila siku.

Bebeni kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Tangu Machi 2020 sheria yao inataka ushahidi wa chanjo ya surua kabla mtoto hajaingia Kita au shule, na kijitabu chenu chenye madoa ya uji ndicho ushahidi.

Kuhusu umri wa kwenda, hili watu hawaambiwi. Katika majimbo mengi watoto hugawanywa wakimaliza darasa la nne. Kule Saxony, jimbo la Leipzig, wengine huenda Gymnasium, njia ya chuo kikuu, wengine Oberschule, njia ya mafunzo ya kazi zaidi. Binti yetu aliingia darasa hilo hilo. Wenzake walikuwa wakipigania alama, yeye akipigania kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Mtoto wa darasa la kwanza hujifunza lugha akicheza, akakupita kabla ya Pasaka. Yule wa miaka tisa au kumi anahitaji mazungumzo na shule kabla hamjafika. Na kusomea watoto nyumbani, kama mlivyozoea wakati wa korona, kule haikubaliki. Shule ni lazima.

Mkirudi, kumbukeni kalenda. Wao huanza mwaka kiangazi kikiisha, sisi Januari. Ongea na shule ya Nairobi kabla ya kuondoka, uandikishe kwamba mtoto anarudi, na uhifadhi namba yake ya usajili.

4. Nyumba

Amana inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. "Bila jiko" ina maana ya bila jiko: hakuna sinki, hakuna kabati, kuna mabomba mawili yanayotokeza ukutani yakikutazama. Mwenye nyumba akupe fomu iliyosainiwa ya kuthibitisha umehamia, kwa sababu una wiki mbili tu za kujiandikisha mjini, na bila kujiandikisha huna benki, huna namba ya kodi, huna lolote. Muda si mrefu utaletewa barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Huna televisheni? Lipa.

5. Bima

Uliza swali moja kabla ya kusaini: mimi ni mwajiriwa au mpokea posho? Mwajiriwa huingia bima ya umma, na mwenza asiye na kipato pamoja na watoto hubebwa humo bila nyongeza. Mpokea posho hujitafutia, na watu wanne kwenye bima ya binafsi watakula posho kabla yako.

6. Mizigo

Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya mkononi mwa msafiri. Hakuna nyama kavu ya mjomba, hakuna samli, hakuna maziwa ya mursik. Samaki mkavu huruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo omena hoyee. Ndizi zinapita, maembe na parachichi hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Mama mkwe alitufungia parachichi kumi na mbili za Murang'a kwenye gazeti, sitaki kulizungumzia.

Makoti ya watoto nunueni kwenye mitumba ya Gikomba, mengine yametoka huko huko yanarudi kwao. Buti za theluji nunueni kule.

7. Mnayoyaacha Nairobi

Ripoti ya kodi kwa KRA ni kufikia 30 Juni kila mwaka hata kama ni sifuri, la sivyo faini ya shilingi 2,000 inakungoja. Laini ya simu iwe hai na iwe mfukoni mwako, si kwenye droo ya ndugu, maana benki, eCitizen na pesa zako zote huleta namba za siri pale. Mpe mtu mmoja mamlaka ya kisheria kupitia wakili, mmoja tu, na chama chenu cha akiba wajulishwe ni nani. Harambee ya kuwasindikiza ifanyike mapema. Usiku wa mwisho mtahitaji kulala.

Leseni ya Kenya utaendeshea miezi sita tangu uwe mkazi, baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, kwa bei itakayokufanya uheshimu matatu. Mimi nilinunua baiskeli.